Clifford Dewhirst na Dimbwi la Skelbeck

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Clifford Dewhirst, aliyefariki dunia Jumanne iliyopita hapa Skelbeck, nyumbani kwa binti yake, akiwa na umri wa miaka tisini na mmoja. Clifford Dewhirst. Jina hilo mnalijua kwa sababu limeandikwa kwenye jukwaa la mashariki la uwanja wa Skelbeck Town. Mnamjua kama mtu aliyeukausha uwanja mwaka 1972, timu yetu ndogo ilipomwangusha kigogo. Hiyo ni kweli. Aliukausha. Ila sababu iliyomfanya aukaushe hamuijui, na familia yake imeniruhusu niiseme leo. Binti yake, Janice, alinimiminia chai, akaniambia, "Sema yote. Baba mwenyewe alitaka akishakufa isemwe. Akiwa hai alikuwa anaona aibu."

Basi nisemeje? Niseme kama ilivyo. Clifford aliukausha uwanja ule kwa wivu.

Alizaliwa mwaka 1934, mtaa wa Carr Lane, kule mlimani. Skelbeck ni mji mdogo, lakini siku zile ulikuwa na timu mbili. Mlimani Carr Lane Rovers, bondeni Skelbeck Town. Rovers ndio waliotangulia, mwaka 1889, na uwanja wao wa kwanza ulikuwa hukohuko bondeni. Mwaka 1921 wanachama wakagombana, wakagawana. Waliopanda mlimani waliondoka na jina na vikombe. Waliobaki bondeni wakabaki na uwanja, ambao mvua ikinyesha bata walikuwa wanautumia zaidi kuliko wachezaji. Hao ndio wakajiita Town. "Town ni mtoto aliyetoka tumboni mwetu," Clifford alikuwa akisema. "Na mtoto hamtangulii mama yake mlangoni."

Timu zote mbili zilikuwa ndogo, wasikilizaji wapendwa. Ndogo kabisa, nje ya madaraja yote makubwa. Wachezaji walikuwa wafumaji, wauza maziwa, walimu. Jumamosi wanacheza, Jumatatu wako kazini na magoti yamevimba. Clifford alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sufu, na alikuwa kipa wa Rovers. Rovers walichukua ubingwa wa ligi yao karibu kila mwaka. Town hawakuwahi kuchukua ubingwa wa kitu chochote. Lakini Kombe la FA lina mambo yake. Kwenye Kombe, wauza maziwa wanaweza kupangwa na watu ambao sura zao ziko magazetini. Na kwenye Kombe, Town walikuwa na bahati ambayo Rovers hawakuwa nayo hata chembe.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Clifford alikuwa nazo, tena alizijua kwa tarehe.

Ya kwanza ni Oktoba 1958. Raundi za mchujo. Rovers na Town wakapangwa wenyewe kwa wenyewe, mlimani. Dakika za mwisho, bila kwa bila, mchezaji mmoja wa Town akapiga shuti la kichovu, mpira unatambaa kama mgonjwa anayekwenda msalani. Clifford akaulalia. Ukapita chini ya tumbo lake. Moja kwa bila. Mwezi uliofuata Town, si Rovers, wakacheza na Wetherford, timu ya Daraja la Tatu, wakawapiga mbili kwa moja. Jina la Skelbeck likatoka magazetini kwa mara ya kwanza. Clifford alishinda siku ile bustanini kwake, aking'oa vitunguu, na mayowe ya bondeni yanapanda yanamfuata. Alimwambia Janice miaka mingi baadaye, "Kila yowe nililijua. Hilo la kona. Hilo la goli. Yale yalikuwa mayowe yetu, mwanangu. Yalipita chini ya tumbo langu."

Muuza nyama naye hakumsaidia. Kila Clifford alipoingia dukani, muuza nyama alikuwa akimfungia soseji halafu anauliza, "Nikurushie, au zitapita?"

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye wivu wote ule ulimtazama yeye. Norman Sugden. Norman alikuwa na duka la viatu, na alikuwa katibu wa Town. Yeye na Clifford walisoma darasa moja, dawati moja. Shuleni Norman hakujua kupiga mpira. Alipangwa ashike makoti. Na mtu huyohuyo wa makoti ndiye sasa aliyepigwa picha akipeana mikono na wenyeviti wa timu kubwa. Clifford aliweza kuvumilia wachezaji wa Town. Hata kocha wao aliweza kumvumilia. Norman hapana.

Ya pili ni Januari 1964. Town walisafiri mpaka Colnemouth, timu ya Daraja la Pili, uwanja wenye taa na majukwaa manne. Wakashinda moja kwa bila. Basi liliporudi Jumapili mchana, mji mzima ulitoka barabarani. Clifford alikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Akaona Norman amesimama juu mbele ya basi, amevaa kofia ya mtu mwingine. Halafu akaona jambo baya zaidi. Mkewe, Edna, yuko kando ya barabara na taulo la jikoni, anapunga.

Edna aliporudi ndani, Clifford alimwuliza, "Hata wewe?"

"Nilikuwa naanika taulo," Edna akasema.

"Barabarani?"

"Kulikuwa na upepo mzuri."

Clifford hakusema na mkewe siku nne. Siku ya tano alisema, "Nipe chumvi," na maisha yakaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, msimwone Clifford kama mtu mbaya. Alikuwa baba mwema. Alipoacha ukipa aliutunza uwanja wa Rovers kwa mikono yake, bila malipo, nyasi zake zikawa kama zulia. Timu za mbali zilikuja zikausifia. Lakini uwanja ule mzuri ulikuwa unatazamwa na watu sitini, na dimbwi la bondeni lilikuwa linatazamwa na elfu tatu. Hilo ndilo lililomla. Alikuwa akisimama ukutani baada ya kufyeka, anawatazama wanavyomiminika bondeni, na Edna anajua leo chakula hakitaliwa.

Ndipo ikafika 1972. Mwaka 1972, raundi ya tatu ya Kombe. Skelbeck Town wakapangwa na Ashminster. Ashminster ya Daraja la Kwanza. Ashminster wenye jezi nyeupe, waliokuwa na wachezaji wawili wa timu ya taifa. Na mechi ilikuwa hapa, nyumbani, bondeni.

Lakini mvua ilinyesha siku tisa. Mbele ya lango la mashariki likajaa dimbwi kubwa, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Klabu mbili zikakubaliana hivi: Ijumaa saa nane mchana mwamuzi atakuja kuukagua uwanja. Ukifaa, mechi itachezwa hapa. Usipofaa, mechi itahamishiwa Ashminster, kwenye uwanja wao mkubwa, mbele ya watu elfu arobaini.

Alhamisi, saa ya chakula, Clifford alikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi karibu na kiwanda. Mbele yake kuna watu wawili wa Town wanazungumza.

"Maji hayatoki yale," mmoja akasema. "Tutakwenda Ashminster tu."

"Norman ameshaambiwa atakula na wakurugenzi wao," wa pili akasema. "Meza moja. Vitambaa vyeupe."

"Norman wetu?"

"Norman wa viatu."

Clifford akaondoka kwenye foleni bila samaki. Janice alikuwa na miaka kumi na miwili, anakumbuka baba yake alivyoingia na koti linachuruzika maji, akakaa, akasema peke yake, "Watu elfu arobaini. Na vitambaa vyeupe."

Niwaeleze kilichokuwa kinamchoma. Kupigwa bondeni, kwenye matope, mbele ya watu walewale, hilo Clifford alilingoja kwa hamu. Ashminster wangewafunga Town sita, Norman angerudi dukani kwake kufungasha viatu, na habari ingekwisha. Lakini kwenda Ashminster! Hata wakifungwa kumi, wangekuwa wamekanyaga nyasi zile. Norman angekuwa amekula pale. Angehadithia mpaka siku ya kufa, na Clifford angekuwa wa kusikiliza. Uwanja mkubwa ndio ndoto aliyokuwa nayo Clifford tangu utoto, na ndiyo iliyopita chini ya tumbo lake mwaka 1958. Hakutaka Norman aipate kwa sababu ya maji.

Na maji yale, Clifford alijua dawa yake. Mtu mmoja tu Skelbeck nzima alijua. Babu yake ndiye aliyekuwa mtunza uwanja wa kwanza wa Rovers, wakati Rovers bado wako bondeni. Mwaka 1908 babu alichimba mtaro chini ya uwanja, akaufunika kwa matofali, ukapeleka maji mtoni. Ugomvi ulipotokea, babu akapanda mlimani na siri yake. Town hawakuwahi kujua kwamba chini ya dimbwi lao kuna mtaro ulioziba. Clifford alionyeshwa mahali pale akiwa mdogo, akaambiwa, "Hawa usiwaambie."

Ijumaa asubuhi Clifford alimwambia msimamizi wake kiwandani kwamba jino linamuuma. Akachukua koleo na nondo ndefu, akateremka bondeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uwanja wa Town kwa miaka kumi na minne.

Alimkuta Norman na wanakamati watano wanafagia maji kwa mifagio. Wanayafagia yanakwenda, yanarudi.

"Cliff," Norman akasema. "Umepotea njia?"

"Sogea."

"Umekuja kutucheka?"

"Nimesema sogea, Norman. Umesimama juu yake."

Akaanza kupima hatua kutoka kwenye mlingoti wa goli. Kumi na moja mbele, nne kulia. Akachoma nondo. Ikagonga matofali. Akavua koti, akaanza kuchimba, maji yanamwingia kwenye viatu. Wanakamati wakamtazama, kisha mmoja mmoja wakaacha mifagio wakaja kusaidia. Norman peke yake alibaki amesimama na ufagio wake. Karibu saa sita nondo ikapasua ule uchafu wa miaka hamsini. Dimbwi likakoroma. Likaanza kuzunguka, taratibu, kama maji ya beseni, halafu likashuka.

Watu wazima walikumbatiana. Mmoja alimbusu Clifford kwenye paji la uso. Norman akaja, akampa mkono. "Sijui niseme nini, Cliff," akasema. Uso wake ulikuwa umepauka. Clifford aliona ni uso wa mtu aliyezidiwa na shukrani.

Saa nane mwamuzi akaja. Akaudondosha mpira. Ukadunda kidogo, kidogo sana. "Utafaa," akasema. Mechi ikabaki hapa. Norman akamletea Clifford tiketi kwa mkono wake mwenyewe, nyuma ya lango la mashariki. Clifford akaipokea. Alitaka kuwaona wakifa kwa karibu.

Mnalijua lililotokea Jumamosi. Maji yalikuwa yameondoka, lakini pale yalipokuwa yamelala pamebaki tope zito kama uji wa shayiri. Ashminster walicheza vizuri mpaka wafike pale. Wakifika pale, mpira unakwama. Walikosa manne, labda matano. Kila walipokosa, watu wa Town walimpigapiga Clifford mgongoni. Yeye alikuwa anaomba kimya kimya, Ashminster, fungeni basi. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, sasa Ashminster wakawa wanalinda lango la mashariki. Dakika ya themanini na moja, beki wa Ashminster alimrudishia kipa wake mpira. Mpira ukaingia kwenye tope, ukasimama. Kipa akauendea, akateleza. Derek Tordoff, mpeleka barua wa mtaa wa kanisa, akafika, akausukuma kwa ncha ya kiatu.

Moja kwa bila. Skelbeck Town moja, Ashminster bila. Timu isiyo na daraja imemtoa kigogo wa Daraja la Kwanza.

Mpira ulikuwa umesimama hatua kumi na moja mbele ya mlingoti, nne kulia. Clifford alipaona pale alipopachimba. Watu wakambeba juu juu wakamzungusha uwanja mzima kabla hawajambeba Derek Tordoff. Gazeti la Jumapili liliandika habari za jirani mpinzani aliyetanguliza mji mbele ya timu yake. Kwenye meza ya chakula Edna alilisoma kwa sauti, akalishusha, akamtazama mumewe.

"Kutanguliza mji," akasema.

"Nipe viazi, Edna."

"Mimi nakujua, Clifford. Ulikwenda kufanya nini kule?"

Akamwambia. Edna alicheka mpaka akaweka uma chini. Janice alikuwa mezani, alisikia yote. "Mama alikuwa akikumbuka anacheka jikoni peke yake," anasema Janice. "Baba anaondoka nyumbani."

Kuanzia siku ile, wasikilizaji wapendwa, Clifford aliadhibiwa kwa heshima. Town walimpa uanachama wa maisha. Walimpa kiti chake mwenyewe. Kila Januari walimwalika kwenye karamu, wakamsimamisha, wakampigia makofi. Rovers, timu yake, walipunguka mwaka hadi mwaka, na mwaka 1983 wakafa. Uwanja wake wa zulia ukajengwa nyumba. Akabaki na kiti kimoja tu duniani cha kutazamia mpira, nacho kilikuwa cha Town. Alikikalia. Mwaka 1989 Town wakamtoa kigogo mwingine, na kamera zikamtafuta Clifford jukwaani, wakamwuliza anajisikiaje. Akajibu, "Kama mnavyoniona." Wakaandika kwamba alizidiwa na furaha.

Mwaka 2004 klabu ikaamua jukwaa jipya la mashariki liitwe Jukwaa la Dewhirst. Hapo Clifford hakuweza tena. Alikuwa na miaka sabini. Akaona jina la babu yake linakwenda kuandikwa kwenye ukuta wa watu wale, kwa uongo. Akavaa koti, akaenda nyumbani kwa Norman Sugden, akagonga mlango.

Maneno haya nimeyapata kwa Norman mwenyewe, ambaye bado yuko nasi, naye ana miaka tisini na mmoja.

"Sitaki jukwaa," Clifford alisema, hata hajakaa. "Nilichimba ili wewe usiende Ashminster. Sikuwafanyia wema. Nilitaka mpigwe hapahapa. Nilikuwa nakuonea gere, Norman. Tangu shule."

Norman akainuka. Akafungua kabati, akatoa suti ya kijivu, bado ina karatasi ya fundi.

"Januari 1972," Norman akasema. "Niliishonesha kwa ajili ya Ashminster. Nilikuwa nafagia yale maji, nayaombea yasitoke. Mimi, mtoto wa makoti, nikale na wakurugenzi. Halafu nakuona wewe unashuka na koleo."

"Hukusema kitu."

"Ningesema nini? Nimtukane shujaa? Miaka thelathini na miwili, Cliff. Barua zote nimeandika mimi. Mabasi nimekodi mimi. Mtu akiingia dukani kwangu, anachouliza ni habari za Cliff na koleo lake. Nimekuonea wivu mpaka nikapata vidonda vya tumbo."

"Vidonda?"

"Viwili."

Janice anasema baba yake alirudi nyumbani siku ile akipiga mluzi. Alikula pai mbili za nyama na njegere za kupondwa, akaomba ya tatu. Edna akamwuliza, "Umeshakataa jukwaa?"

"Nimelikubali," Clifford akasema.

"Si ulikwenda kukataa?"

"Nimebadili mawazo. Kiti cha Norman kinatazamana nalo."

Wakawa marafiki? Sijui niwaambieje. Walikaa wakitazamana, kila Jumamosi, miaka ishirini na moja, mmoja chini ya jina lake, mwingine upande wa pili akiliona jina la mwenzake. Baada ya mechi walikunywa chai kwenye meza moja. Edna alipofariki, mwaka 2011, Norman alimletea Clifford chakula wiki tatu, akimwambia kila siku kwamba chakula cha kwake ni kitamu kuliko alichokuwa akipika marehemu. Wivu wao haukuisha. Ulipata mahali pa kukaa.

Clifford Dewhirst amezikwa jana, mlimani, makaburi ya Carr Lane. Norman alikuja kwa kiti cha magurudumu, amevaa suti nzuri ya kijivu iliyompwaya. Nilimwomba neno la kuwapa wasikilizaji. Alifikiri, akageuka kuitazama milango ya kanisa, watu bado wanatoka.

"Kanisa lilijaa," akasema. "Watu walisimama mpaka nje. Niliwaangalia wote. Kwangu mimi hawatafika nusu."

Kwa Janice Dewhirst, kwa wajukuu wa marehemu, kwa watu wa Carr Lane na wa bondeni, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ana mtu wake anayemtazama kwa jicho la pembeni, kazini, mtaani, hata nyumbani. Leo mfikirie mtu huyo kwa dakika moja. Akiwa bado hai, mgongee mlango umwambie. Norman alikuwa na siku saba za wiki za kumwonea wivu Clifford, na tangu Jumanne hajui azifanyie nini.